Shika mkia, achia sufu: jinsi ya kujifunza kupiga kengele za kanisa Uingereza

Kama unaishi Uingereza lazima umeshazisikia. Jumapili asubuhi, au jioni moja katikati ya wiki, kengele za kanisa zinaanza kulia kutoka ile nyembamba mpaka ile nzito, zinashuka mfululizo bila kugongana, alafu baada ya dakika kadhaa mpangilio unabadilika na huelewi tena ipi inaifuata ipi. Wengi wetu tunadhani ni rekodi imewekwa kwenye spika. Hamna, ni watu, wamesimama kwenye duara ndani ya mnara, kila mmoja na kamba yake yenye manyoya ya rangi, mara nyingi nyekundu, nyeupe na bluu, na ukienda wanakufundisha bure kabisa. Mwongozo huu ni wa ndugu zangu mlioko huku ambao mmekuwa mkipita chini ya hiyo minara na kujiuliza, na mlioko nyumbani pia karibuni, angalau mjue zile kamba za rangi zina kazi gani.

Kwanza tuwekane sawa, hii sio kengele tuliyoizoea. Kwetu parokiani kengele ni moja, mzee wa kanisa anavuta kamba, kengele inayumba huku na huku, watu wanajua misa imekaribia, na sehemu nyingine wala sio kengele, ni rimu ya lori imening'inizwa kwenye mwembe inagongwa na chuma. Huku kengele imefungwa kwenye gurudumu kubwa la mbao na inazunguka duara zima: inaanza ikiwa mdomo umetazama juu, inaporomoka, inapanda upande wa pili mpaka mdomo unatazama juu tena, inalia mara moja, basi. Ukivuta tena inarudi ilikotokea. Ikiwa pale juu imebalansi na uzito wake ni kama haupo, ndo maana utamkuta bibi mwembamba wa miaka sabini na kitu anaicheza kengele ya nusu tani na hata jasho hatoi. Kwahiyo wale wa gym mtulie, hapa nguvu ndo inayoharibu kazi.

Hatua ya 1: Tafuta mnara wenye watu

England peke yake kuna minara zaidi ya 5,000 yenye kengele tano au zaidi za namna hii, kwahiyo kupata sio shida, shida ni kupata wenye kundi linalofundisha. Njia rahisi kuliko zote ni masikio yako. Sikiliza ni siku gani ya wiki kengele zinalia jioni kwa muda mrefu, hayo ndo mazoezi, mara nyingi yanaanza saa moja na nusu usiku hivi na kuchukua kama dakika tisini. Siku hiyo nenda, simama mlangoni, uliza. Wapigaji wana chama chao cha taifa tangu 1891 na kwenye tovuti yake kuna sehemu ya kuomba kuunganishwa na mwalimu wa karibu, hiyo nayo inafanya kazi. Dini kwa kawaida hawaulizi, utakuta humo hata wasiosali kabisa, wanachotaka ni mtu anayekuja kila wiki, maana kengele sita zinahitaji watu sita na mmoja akikosa mambo yameharibika. Watoto wengi wanaanza wakiwa na miaka kumi au kumi na moja, inategemea urefu.

Hatua ya 2: Ingia chumbani bila kugusa kitu

Ngazi za mnara mara nyingi ni za mawe, za kuzunguka, nyembamba, vaa viatu bapa. Ukifika juu utakuta chumba kina zulia, ukutani mbao zenye majina na tarehe za miaka ya nyuma, na katikati kamba zimening'inia kutoka kwenye matundu ya dari. Sheria namba moja, na hii naomba uisome mara mbili: USIGUSE KAMBA YOYOTE mpaka uambiwe. Kwa macho huwezi kujua kama kengele ya juu imening'inia chini imetulia, au imeachwa mdomo juu. Ikiwa mdomo juu, ukivuta kidogo tu kwa utani, nusu tani inaanza kuzunguka na wewe uko upande wa pili wa kamba.

Skafu, mtandio mrefu, lanyadi ya kazini yenye kitambulisho, cheni, vyote vua au chomekea ndani. Ukikaa kusubiri zamu yako kaa na miguu yote chini, usikunje nne, na usinyooshe miguu kuelekea kwenye kamba, ile mikia ikiwa inapiga sakafu inaweza kuzoa mguu wa mtu.

Hatua ya 3: Ijue kamba yako

Hapa watu huwa wanakuwa na haraka na mimi nadhani ndo sehemu ya kukaa nayo. Kamba ina sehemu tatu. Ya juu inaenda darini mpaka kwenye gurudumu, siku hizi nyingi ni za poliesta kwa sababu haichezi na hali ya hewa. Ya kati ndo ile yenye manyoya ya rangi, sufu, kama mita moja na kidogo urefu, nene kiasi cha kujaza kiganja; mnarani utasikia wanaiita sali, mimi humu naiita sufu tu. Ya chini ni mkia, kamba tupu, imekunjwa mwishoni na kuchomekwa ili iwe fupi au ndefu kulingana na kimo cha mpigaji.

Ile sufu sio soksi iliyovalishwa juu ya kamba. Vipande vya uzi wa sufu vinabanwa katikati ya nyuzi za kamba yenyewe inaposokotwa, kipande baada ya kipande, alafu inakatwa kwa mkasi mpaka iwe laini na sawa pande zote. Ukiishika ya zamani utasikia katikati pamelala na pamekuwa pagumu kidogo, pale ndo mikono ya watu imepita miaka na miaka, na juu kabisa utaona nywele zimeliwa kwa sababu panasugua kwenye tundu la dari. Rangi kila mnara unajichagulia, nyekundu-nyeupe-bluu ndo utakutana nazo sana, lakini zipo za kijani na njano, za rangi ya shule, za zambarau, kwa kawaida kamba zote za mnara mmoja zinafanana na rangi zinazunguka kwa mistari ya mshazari.

Urembo upo, sikatai, ila kazi ipo pia. Sufu inashikika bila kuchubua viganja, na ule unene na rangi vinakuonyesha mikono iende wapi kitu kikiwa kinapita mbele ya uso wako kwa kasi. Alafu kuna kazi nyingine utaijua baadaye ukianza kupiga na wenzako: kwa pembeni ya jicho unaona sufu ya nani inashuka saa hizi, ndo unajua wewe unamfuata nani.

Kabla hujavuta, mwalimu atakupimia mkia. Mikono ikiwa imenyooka juu kabisa kamba isikunyanyue mpaka usimame kwa vidole vya miguu, na isilegee pia. Wafupi tunawekewa boksi la kusimamia, kila mnara una maboksi ya mbao pembeni kwa kazi hiyo, usione aibu.

Hatua ya 4: Anza na mkia peke yake

Kila mzunguko wa kengele kwenda na kurudi una mivuto miwili. Mmoja unavuta sufu, mwingine unavuta mkia. Mwalimu atakugawia nusu: yeye anavuta sufu, wewe unavuta mkia tu. Simama miguu imeachana kidogo, uzito sawa, tazama mbele. Usitazame juu! Kila mgeni anataka kutazama darini kamba inakwenda wapi, na ukitazama juu mgongo unapinda na mikono inapotea.

Mwalimu akivuta sufu na kuiachia, sufu inapaa kuelekea darini na mkia unapanda na mikono yako. Wacha ikupeleke. Mikono ipande mpaka inyooke juu ya kichwa, usiikatishe njiani. Utasikia kamba imekuwa nyepesi kabisa, kama haina mtu, hapo ndo kengele iko kwenye balansi. Sasa vuta chini, wima, karibu na pua, mpaka mikono ifike usawa wa mapaja. Mvuto mrefu na wa taratibu. Wengi wanavuta kifupi na kwa nguvu, kengele inapanda ovyo, mwalimu anakazana kuikamata.

Hatua ya 5: Alafu sufu peke yake

Sasa mnabadilishana. Mikono yote miwili kwenye sufu, mmoja juu ya mwingine, imegusana, usawa wa uso hivi. Vuta chini, na mikono ikifika karibu na kiuno ACHIA. Achia yote miwili kwa pamoja. Sufu itapanda peke yake, ndo inavyotakiwa.

Hili ndo jambo moja ambalo mwili wako hautataka kulifanya. Tangu utotoni tumefundishwa kitu kizito ukikishika usikiachie, na hapa usipoachia unapanda na kamba. Mtu mzima ananyanyuliwa vizuri tu, sio stori. Kwahiyo jisemee kichwani kila mara: vuta, achia. Na usisubiri kuona sufu imepanda ndo ukumbuke kuachia, saa hiyo umechelewa.

Hatua ya 6: Unganisha

Unganisha sasa. Mkia unakaa kwenye mkono mmoja muda wote, kwa wanaotumia mkono wa kulia mara nyingi ni kushoto, na hauachiwi kamwe. Hata ukishika sufu, mkia bado umo kwenye ule mkono. Mfululizo ni huu: vuta sufu, achia sufu, mkono wenye mkia unapanda, mkono wa pili unaufuata na kushika mkia, inyooke juu, vuta mkia mpaka chini, sufu inashuka mbele yako inapita, inagota chini, inaanza kupanda, IKIWA INAPANDA unaikamata. Ukiikamata wakati bado inashuka unaisimamisha kengele katikati ya safari na utapigwa mtikisiko wa mabega. Subiri tu, inarudi yenyewe.

Mpaka uweze kuimudu kengele peke yako bila mwalimu kuweka mkono, watu wengi wanatumia kama saa kumi mpaka kumi na tano za kuvuta. Zigawe kwa dakika ishirini ishirini za kila wiki utaona inakuwa miezi, ndo maana minara mingine inafunga ulimi wa kengele isilie, unafanya mazoezi mchana bila kuwachosha majirani na kompyuta inakupa mlio chumbani.

Mambo yakienda mrama

Yanatokea, kwahiyo uyajue mapema. Juu kila kengele imefungiwa mti mmoja, kwa kawaida wa mbao ya ashi, kazi yake ni kuizuia kengele isipitilize balansi. Ukivuta kwa nguvu kupita kiasi mti unagota kwa kishindo na unavunjika. Umewekwa ili uvunjike wenyewe, ni bora uvunjike mti wa bei ndogo kuliko fremu nzima. Ila ukivunjika hakuna tena cha kuizuia kengele, inaendelea kuzunguka na kamba yote inapaa darini. Ukisikia mlio wa kuvunjika, au kamba imeanza kwenda kasi ambayo sio yake, achia kila kitu, na mkia pia, rudi nyuma mpaka ukutani, tulia. Hii ndo mara pekee unaruhusiwa kuachia mkia.

Ukiikosa sufu, mkono uliobaki na mkia usiuachie, mwalimu yuko nusu hatua pembeni yako na atadaka. Usianze kurukia sufu kwa mikono yote inapopita.

Hatua ya 7: Kuinua na kushusha

Kengele haziachwi mdomo juu muda wote, minara mingi inazishusha mwisho wa kipindi kwa usalama. Kuinua kutoka chini ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea, unaongeza kidogo kila inaporudi, kwa wakati wake, na huku mkononi umekunja mizunguko ya mkia ambayo unaitoa mmoja mmoja kadri kengele inavyopanda na kuhitaji kamba zaidi. Kushusha ni kinyume chake, unakusanya. Kwa mikono mizito kama yangu kushusha ndo kugumu, ila usihangaike nako mwanzoni, mwalimu atakufundisha ukishaizoea kamba.

Hatua ya 8: Piga na wenzako

Namba moja ndo kengele ndogo kuliko zote, wanaiita treble, na ndo inaanza. Aliyeishika atasema "Look to!", yaani shika sufu jiandae, kila mtu anaivuta kamba taratibu mpaka kengele iko kwenye balansi. Akisema "Treble's going" anaanza kuvuta, "she's gone" imeshakwenda, na wewe unamfuata aliye mbele yako. Kusimamisha ni "Stand!", kengele zote zinaachwa mdomo juu kwa wakati mmoja. Haya maneno hayatafsiriwi mnarani, yazoee hivyo hivyo.

Mwanzo mnapiga 1 2 3 4 5 6, kushuka, tena na tena. Wakati wa mvuto wa sufu kuna kapumzi kadogo kabla ya namba moja kuanza upya, ukikasikia hako kapumzi ujue kundi limekaa vizuri.

Baada ya hapo ndo mabadiliko. Kengele ya kuzunguka duara zima huwezi kuiharakisha sana wala kuichelewesha sana, inachukua kama sekunde mbili kila mvuto na unachoweza ni kuisogeza kidogo tu, kwahiyo nyimbo za kawaida hazipigiki. Waingereza tangu miaka ya 1600 wakaamua basi, tusipige nyimbo, tupige mpangilio: kila mara kengele inabadilishana nafasi na jirani yake tu. Ule wa kwanza utakaofundishwa uko hivi:

1 2 3 4 5 6
2 1 4 3 6 5
2 4 1 6 3 5
4 2 6 1 5 3
4 6 2 5 1 3
6 4 5 2 3 1
6 5 4 3 2 1

Fuata namba 1 kwa kidole. Anaondoka mbele nafasi moja moja mpaka nyuma, kisha anakaa nyuma mara mbili, na baada ya hapo anaanza kurudi, na wote wanafanya hivyo kila mmoja kwa zamu yake mpaka mnarudi 1 2 3 4 5 6. Usikariri hizo namba. Kariri njia yako: nimeanza wa kwanza, sasa wa pili, wa tatu. Ukienda nyuma vuta polepole kidogo, acha kengele ikae juu zaidi. Ukirudi mbele ikatishe mapema kidogo.

Kengele sita zina mipangilio 720 bila kurudia. Saba 5,040, hiyo inachukua kama saa tatu na ndo kipimo cha kupiga kikamilifu. Nane ni 40,320, na hiyo iliwahi kupigwa yote Loughborough mwaka 1963, watu nane bila kupokezana, saa 17 na dakika 58. Na hakuna karatasi mbele yao, karatasi hairuhusiwi, yote iko kichwani. Chooni walikwenda lini sijui, msiniulize.

Kutunza kamba

Hii watu wanaiacha kwa fundi alafu wanashangaa bei ya kamba mpya. Kamba za katani na za kitani zikipata unyevu zinajikaza na kuwa fupi, kwahiyo mkia uliopimwa kiangazi unaweza kukuning'iniza msimu wa mvua, pima upya kila ukishika. Nondo wanapenda sufu kuliko hata makoti yako, na panya naye anajisevia kwa ajili ya kiota, ukiona vijipara kwenye sufu toa taarifa. Sehemu za kukagua mara kwa mara ni pale kamba inapoingia kwenye tundu la gurudumu na pale mkia unapokunjwa, huko ndo inakatikia. Nyuzi zikianza kutoka usifunge fundo, fundo litakwama kwenye tundu la dari, mwite anayejua kusuka kamba aunganishe.

Mkimaliza, mikia inakunjwa na kamba zote zinaning'inizwa kwenye chuma chenye ndoano kadhaa, wanakiita buibui, kinavutwa juu mpaka watoto wa Sunday school wasifikie.

Ukishaweza

Mtapiga kabla ya ibada Jumapili, na harusi ambazo mara nyingi zina posho kidogo. Novemba wakati wa kuwakumbuka waliokufa vitani ulimi unavalishwa ngozi upande mmoja, mlio mmoja unasikika wazi na unaofuata unasikika kama mwangwi, hapo utaona hata wapigaji wenye maneno mengi wamenyamaza.

Na ukisafiri, wapigaji wana utaratibu mzuri sana, unaingia mnara wa watu usiowajua siku ya mazoezi, unasema unaweza kupiga nini, unapewa kamba. London pale St Paul's kuna 12, Liverpool Cathedral ndo kuna seti nzito kuliko zote duniani, kubwa yake inapita tani nne, hizo usitegemee kupewa siku ya kwanza. Upande wetu wa dunia minara ya namna hii ni michache, Afrika Kusini ipo Cape Town, Durban na Makhanda, Zimbabwe ipo Harare. Popote utakapokwenda, kabla hujavuta uliza mambo mawili: hii kengele iko juu au chini, na nani aliishika mara ya mwisho, kwa sababu kama alikuwa jamaa wa futi sita huo mkia haujapimwa kwa ajili yako.